Leseni Haihalalishi Kilevi

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, nasi tunajiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Vijana wetu wa Bagamoyo, Kaole na Mbegani hutuuliza: "Mbona Marekani bangi inauzwa madukani kwa leseni?" Hilo ni kweli. Katika jimbo la Colorado maduka ya bangi ya starehe, isiyo ya matibabu, yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, na mnunuzi sharti awe ametimiza miaka 21. Majimbo mengine yakafuata.

Basi na tuwajibu kwa lililo karibu nao. Pombe huuzwa kwa leseni humu humu mwetu; je, yuko Mwislamu awezaye kudai kuwa leseni ile imemhalalishia? Leseni humwondolea muuzaji adhabu ya serikali. Haimwondolei mtumiaji ulevi, wala hesabu ya Siku ya Kiyama. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa kila kileweshacho ni haramu, nayo bangi hulewesha.

Na hapa petu hata leseni hiyo haipo: sheria ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza na kutumia bangi. Kijana hutumwa kubeba kifurushi, akafungwa yeye; mwenye mali yumo nyumbani kwake amelala.

Enyi wazazi, msimfukuze mtoto aliyekwishaingia humo. Aliyefukuzwa kwao hupokewa na muuzaji. Mkalisheni kitako, mpelekeni hospitali, mrudisheni msikitini.

Ewe Mola wetu, zihifadhi akili za watoto wetu. Amin.