Pumzi na Wimbo: Kuchagua Shirika la Utawa Lenye Sala na Kazi

(Mada iliyotolewa na sista mlezi wa miito katika siku ya mafungo ya kwaya, Donholm, kujiandaa kwa Jubilei ya Miaka 25)

Baba Paroko, Bwana Mwenyekiti wa kwaya, wazazi wetu, wanakwaya na wapendwa wote katika Kristo: hongereni kwa kutimiza miaka 25. Miaka 25 ya mazoezi ya jioni baada ya kazi, ya kuvuka Barabara ya Outering mvua ikinyesha, ya kuimba leo arusini na kesho matangani, si jambo dogo. Mungu azidi kuwapa sauti na moyo.

Viongozi wenu waliniomba nizungumze juu ya mwito wa utawa. Waliniambia kuna mabinti humu kwayani ambao wamekuwa wakiuliza swali moja, na mimi nimelisikia kwa mabinti wengi wa mitaa yetu, kuanzia Savannah hadi Umoja na Kayole. Binti anasema: "Sista, mimi napenda kusali, lakini siwezi kukaa bila kuhudumia watu. Nikienda monasteri nitawakosa watu. Nikienda shirika la mashule na hospitali, naogopa kazi itamaliza sala yangu. Sasa niende wapi?"

Hilo ni swali la mtu aliyeanza kufikiri, wala halistahili kujibiwa kwa kukabidhiwa kijikaratasi chenye picha za masista wanaotabasamu. Leo sitalitaja shirika langu, msije mkasema nimekuja kuvua samaki kwenye bwawa la kwaya. Nitawapa mwanga wa kutafutia.

Aina za maisha ya kitawa

Kwanza tujue njia zenyewe. Wapo masista wa ndani, yaani wa monasteri, kama Wakarmeli. Kazi yao kubwa ni sala, na hawatoki kwenda kufundisha wala kuuguza. Tusiwaone kama watu waliojificha. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliingia monasteri ya Karmeli kule Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafariki humo mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Hakuwahi kukanyaga nchi ya misioni. Hata hivyo mwaka 1927 Kanisa lilimtangaza kuwa msimamizi wa misioni, pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliyesafiri mpaka Asia.

Wapo Wabenedikto, ambao tangu zamani wanafuata njia ya sala na kazi. Siku yao imegawanywa na kengele: zaburi, kazi, zaburi, kazi.

Halafu yapo mashirika ya kitume, ambayo ndiyo mengi hapa Kenya. Hawa mnawaona shuleni, zahanati, kwenye ofisi ya parokia na kwenye vibanda vya Mukuru. Masista wa Huruma ni mfano ulio karibu nasi. Shirika lao lilianzishwa Dublin, Ireland, mwaka 1831 na Catherine McAuley, na watu wa huko waliwaita masista wanaotembea, kwa sababu walizoea kuona watawa wakikaa ndani ya kuta, na hawa wakapita barabarani kuwatafuta wagonjwa na maskini. Ndio waliofungua Hospitali ya Mater pale South B mwaka 1962. Wamisionari wa Upendo wa Mama Teresa nao wako Huruma. Mchana utawaona na walemavu na wagonjwa waliotupwa, lakini kila siku hutenga saa nzima ya kuabudu Ekaristi.

Usawa haupimwi kwa saa

Hapa ndipo wengi hukosea. Binti hudhani usawa wa sala na kazi ni kugawa siku katikati kama mkate: nusu ya Mungu, nusu ya watu. Akikuta shirika linasali saa tatu na kufanya kazi saa nane, anasema hapa hapana usawa.

Ninyi wanakwaya mnajua zaidi. Katika wimbo, pumzi ni sehemu ndogo sana. Msikilizaji haisikii, na akiisikia basi mwalimu wenu atawakemea. Lakini mwimbaji asiyevuta pumzi mahali pake, sauti itamkatikia katikati ya neno, au ataanza kupiga kelele badala ya kuimba. Na anayevuta pumzi tu bila kuimba, huyo naye tunamwuliza amekuja kufanya nini. Sala katika shirika la kitume ndiyo pumzi ya namna hiyo. Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba kazi ya watawa wa kitume lazima itoke katika muungano wao na Mungu, na tena iuimarishe muungano huo.

Tukumbuke Bethania, nyumbani kwa Martha na Maria. Tumezoea kusema Yesu alimkemea Martha kwa sababu ya kupika. Soma vizuri Luka sura ya 10: Bwana anataja wasiwasi na mahangaiko yake, hataji sufuria. Halafu nenda Yohana sura ya 12, siku sita kabla ya Pasaka. Martha yuko palepale, bado anahudumu mezani, na safari hii hamlalamikii mtu. Kazi ni ileile, moyo umetulia.

Mwenyeheri Irene Stefani

Mfano mzuri tunao hapa Kenya. Mwenyeheri Irene Stefani alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891. Aliingia shirika la Masista wa Konsolata, lililoanzishwa mwaka 1910 na Yosefu Allamano, ambaye naye alitangazwa mtakatifu mwaka 2024. Sista Irene alifika Kenya mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alihudumia wapagazi wagonjwa wa jeshi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita vya wengine, katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Baada ya vita, kuanzia mwaka 1920, alikaa Gikondi, Nyeri. Alifundisha watoto na watu wazima, akapanda na kushuka vilima kuwatembelea wagonjwa, akawaandikia barua wazazi ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mbali. Watu wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Mwaka 1930 alimhudumia mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri kulekule Nyeri.

Jiulizeni: mwanamke mmoja anapataje nguvu ya kuingia nyumba yenye tauni, baada ya miaka 15 ya kazi ngumu, bila kuchoka na watu? Hiyo ni pumzi ya miaka mingi. Kila alfajiri alianza siku yake mbele ya Bwana, ndipo akafunga viatu.

Maswali ya kuuliza

Mashirika mengi huwa na siku za "njoo uone". Nenda. Usichague shirika kwa rangi ya shela, wala kwa sababu rafiki yako yuko huko, wala kwa sababu wana shule kubwa. Kaa siku chache, fungua macho, na uulize kwa adabu:

1. Siku kazi inapozidi, mnaacha nini? Hili ndilo swali kubwa. Ratiba ya ukutani kila nyumba inayo: tafakari alfajiri, Masifu ya Asubuhi, Misa, Masifu ya Jioni. Uliza ilikuwaje wiki ya mitihani, au siku wagonjwa walipojaa. Kuna siku ambapo kumwacha Mungu kanisani ili kumhudumia mgonjwa ni kumkuta Mungu huyohuyo. Lakini ikiwa kinachoachwa ni sala kila siku, mwaka mzima, hiyo nyumba imeishiwa pumzi.

2. Karama ya mwanzilishi wenu ni ipi? Mama Kevina, aliyefika Uganda mwaka 1903, alianzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kule Nkokonjeru mwaka 1923. Anayeingia kwao anaingia njia ya Fransisko, si ajira ya uuguzi tu. Je, ungelipenda shirika hilo hata kama wakikutoa hospitalini na kukupeleka jikoni?

3. Masista wazee wanaishije? Keti na yule aliyestaafu, asiyefundisha tena wala kuuguza. Kama bado ana furaha, ujue alikuwa na kitu zaidi ya kazi.

4. Wanacheka pamoja mezani? Wanasameheana? Utawa ni jumuiya. Hata kwaya yenye sauti nzuri huvunjika kwa sababu ya maneno ya pembeni.

Usiogope urefu wa safari. Umewekwa ili kukulinda. Sheria ya Kanisa hairuhusu mtu kuingia unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi ni miezi 12 au zaidi. Baadaye nadhiri za muda, kwa kawaida miaka mitatu hadi sita. Nadhiri za daima haziwezi kuwekwa kabla ya miaka 21. Una muda wa kuangalia, na shirika lina muda wa kukuangalia. Na mwenye madeni asiyoweza kuyalipa hapokelewi unovisi. Kwa hiyo, binti wa HELB na wa mikopo ya simu, maliza kwanza hesabu zako.

Neno kwa wazazi

Wazazi wetu, najua uzito wenu. Mmelipa karo kwa jasho, binti amemaliza chuo, mnangoja naye awainue wadogo zake. Anaposema anataka utawa, mnaona matunda yanavunwa na mtu mwingine. Sitawadanganya: mshahara wa sista mwalimu au muuguzi huingia mfuko wa jumuiya yake, hauji nyumbani. Zungumzeni naye mapema, na mzungumze na walezi wa shirika, ili mambo ya wazazi wagonjwa na wadogo wanaosoma yajulikane kabla ya nadhiri. Msimzuie kwa laana, na msimsukume kwa sifa za jumuiya ndogo ndogo. Aliyekwenda utawani kwa sababu kazi zimekosekana Nairobi atateseka. Na mwenye mwito aliyezuiwa naye atateseka.

Ikitokea binti ameenda akarudi, mpokeeni. Unovisi ni wakati wa kupima, na kurudi kwa amani si aibu. Nafasi yake katika sauti ya pili iwe bado inamngoja, bila minong'ono.

Kwa kwaya nzima

Wengi wenu hamtakuwa masista wala mapadre, nanyi mna swali lilelile. Kuna anayeimba kila Misa na hajasali peke yake tangu Pasaka. Kuna anayesali usiku kucha na jirani yake wa mlango wa pili amelala njaa. Jubilei ni wakati wa kurekebisha. Nawaomba mwaka huu mfanye jambo moja jepesi: kabla ya kila mazoezi, dakika tano za ukimya, vitabu vikiwa vimefungwa. Halafu kila mwezi, ziara moja kwa mgonjwa au mzee wa parokia asiyeweza kufika kanisani, mkamwimbie nyumbani kwake. Mabinti wakikulia katika kwaya ya namna hiyo, wakifika mlangoni pa shirika watajua wanatafuta nini, maana watakuwa wamekwisha kukionja hapa Donholm.

Mwenyeheri Irene Stefani, utuombee. Bwana wa mavuno atume watenda kazi wanaojua kusali. Hongereni tena, na Mungu awabariki.

Tumsifu Yesu Kristo!