Elimu Kwanza, Kofia Pili, Chombo Mwisho: Nasaha kwa Waendeshaji Wapya wa Pikipiki

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waendeshaji na wamiliki wa pikipiki

Utangulizi

Nimepewa idhini ya kutoa nasaha kwa wanaoanza kuendesha pikipiki, na baada ya kulitafakari jambo hili nimeona kwamba maneno yangu yote yaweza kukusanywa katika shauri moja: anayetaka kuingia katika kazi hii, ama kwa kutafuta riziki ama kwa haja za nyumbani kwake, agharimie elimu na leseni kwanza, kofia na mavazi pili, na chombo chenyewe mwisho. Desturi tuliyoizoea ni kinyume cha hivyo. Akiba ya miaka, au mkopo wa kikundi, au fedha ya shamba lililouzwa, humalizikia dukani kwenye pikipiki. Kofia huwa ile iliyotolewa bure pamoja na chombo. Na leseni husubiri mpaka siku askari wa usalama barabarani atakaponyosha mkono. Mpango huo ni chimbuko la misiba ambayo aghalabu tunainasibisha na kudura, ilhali kinga yake ilikuwa mikononi mwetu.

Elimu na Leseni

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1973, inamtaka kila aendeshaye chombo cha moto awe na leseni ya daraja linalolingana na chombo hicho, na hapa ndipo wengi wanapoteleza bila kujua. Daraja A ni la pikipiki ambayo injini yake inazidi cc 125. A1 ni la pikipiki zilizo chini ya kiwango hicho. A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu, yaani bajaji na vinavyofanana nazo. Na A3 ni la vile vidogo visivyozidi cc 50. Basi aliyepata A1, kisha akanunua Boxer ya cc 150, anaendesha chombo ambacho leseni yake haikitambui, na siku ya ajali asishangae kampuni ya bima ikimpa kisogo. Kwa jirani zetu wa Kenya herufi hizohizo zina maana nyingine: huko A3 ndilo daraja la abebaye abiria au vifurushi kwa malipo, na halitolewi kwa aliye chini ya umri wa miaka 21. Mkaazi wa mpakani, Holili au Horohoro, asikisie. Aulize kabla ya kuvuka.

Fauka ya leseni ya udereva, anayebeba abiria kwa ujira anahitaji leseni ya usafirishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na chombo chake kiwe na bima. Bima ndogo ni ya lazima kisheria, nayo humfidia mtu mwingine aliyedhurika, wala haitengenezi pikipiki yako iliyovunjika. Mwenye chombo cha mkopo afikirie sana bima kubwa kabla hajasema kwamba ni ghali.

Walakini kadi ya leseni si elimu, na mwenye kuipata kwa njia ya mkato amejidhulumu nafsi yake. Chukua leseni ya kujifunzia, nenda chuo kinachotambuliwa, kisha tafuta uwanja mtupu ujifunze jambo moja ambalo waliofundishwa kijiweni mara nyingi hawakufundishwa, nalo ni matumizi ya breki ya mbele. Wanaoanza huiogopa kwa sababu wamesikia kwamba itawarusha juu ya usukani, wakategemea breki ya mguu peke yake. Ilhali chombo kinapopunguza mwendo uzito mwingi husogea mbele, gurudumu la mbele likaishika ardhi kwa nguvu zaidi, na la nyuma likawa jepesi, tayari kuserereka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama imo katika mkono wa kulia. Usiufumbate ghafula, ubane taratibu huku ukikanyaga ya nyuma, ukaongeze nguvu kadiri chombo kinavyoinama mbele. Anza kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, halafu 30, halafu 40, mpaka vidole vikumbuke kabla akili haijaamuru. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, masafa ya kusimama kwa breki huongezeka mara nne, na kwamba katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo mijini, unapita takriban mita 14 katika kila sekunde unayoipoteza kwa kutazama simu.

Kofia na Mavazi

Mwaka 1935 T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepata sifa katika vita vya Bara Arabu, alianguka na pikipiki yake huko Dorset alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akafariki siku sita baadaye kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia, ambaye hakuridhika na kusikitika tu: alichunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha manufaa ya kofia ngumu, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha waendeshaji wake kuivaa. Tangu hapo ushahidi umezidi kuwa mwingi, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia iliyo bora na iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na hatari ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70.

Maneno ya kuzingatia ni haya mawili: iliyo bora, na iliyovaliwa sawasawa. Ndani ya ganda la kofia ya kweli mna povu gumu, ambalo kazi yake ni kubonyea ili fuvu lisibonyee. Kofia isiyo na povu hilo ni pambo, na iliyokwisha kupata pigo kubwa povu lake limekufa hata kama rangi ya nje bado inang'aa. Unaponunua, tafuta alama ya ubora, kisha ijaribu hapohapo dukani: ivae, funga mkanda chini ya kidevu, inamisha kichwa, umwombe mwenzio aisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Ikivuka kichwa, hiyo si yako. Ikibana mashavu pasipo kuuma, hiyo ndiyo. Anayeiweka kofia utosini bila kufunga mkanda amebeba mzigo, hakuvaa kinga.

Abiria naye ana kichwa. Wapo wanaoikataa kofia ya kijiweni kwa sababu ya jasho la wengine, na hoja yao ina haki. Dawa yake ni kuipangusa na kuianika kofia kila siku, na kuweka akiba ya vitambaa safi vya kuvaa ndani yake. Kadhalika mtazame abiria kabla ya kuondoka: buibui, mtandio au ncha ya kanga inayoning'inia huweza kunaswa na cheni au spoki, ikamvuta mtu chini kabla dereva hajatambua, na mguu uliosogea karibu mno na bomba la moshi hutoka na jeraha la moto. Nusu dakika ya kusema, "Dada, kusanya nguo yako," ni sehemu ya udereva.

Wewe mwenyewe vaa viatu vilivyofunika vifundo, suruali nzito, koti na kizibao cha kuakisi mwanga. Kandambili haibadilishi gia vyema wala hailindi vidole.

Pikipiki Yenyewe

Baada ya hayo ndipo tunapofika dukani, nami sitakawia hapo. Chagua chombo ambacho ukikikalia nyayo zako mbili zinagusa ardhi, ambacho vipuri vyake vinapatikana mjini kwako, na ambacho fundi wa karibu anakijua. Hayo yana faida kuliko rangi na sauti. Ukinunua iliyotumika, linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile zilizo kwenye kadi, gongagonga spoki usikie zilizolegea, na uhamishe umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujaitia barabarani. Kila asubuhi angalia tairi, breki, taa na oili, na ushike cheni katikati: ichezecheze sentimita mbili hadi tatu. Ikikaza mno hula sproketi, na ikilegea yaweza kuchomoka mwendoni.

Barabarani

Mvua inapoanza tu, vumbi na oili zilizolala juu ya lami huelea, na hizo dakika za mwanzo zina utelezi wa kutisha, basi punguza mwendo. Reli ivuke kwa pembe mraba, usiifuate kwa mshazari. Usikae ubavuni mwa Fuso wala lori lenye tela, kwani usipouona uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni. Njia za mwendokasi za Dar es Salaam si zako. Na mshikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja, uukatae hata kwa nauli maradufu, kwa kuwa breki zilipimwa kwa uzito mwingine.

Mapendekezo

Vijana wengi hawanunui chombo. Hukabidhiwa kwa mkataba, wakapeleka hesabu kila siku mpaka kiwe chao. Kwa hiyo si haki nasaha hizi ziwaelemee wao peke yao. Napendekeza kwanza kwamba kila mmiliki aandike katika mkataba kofia mbili bora na gharama ya mafunzo, na asikabidhi ufunguo kabla ya kuiona leseni ya daraja lipasalo. Pili, viongozi wa vijiwe wasimsajili mwanachama asiye na leseni hiyo. Tatu, wazazi wanaouza mali ili kumnunulia mtoto pikipiki watenge ada ya chuo kabla ya kutafuta bei ya chombo. Haya matatu hayangoji sheria mpya wala ruzuku. Wenye uwezo wa kuyaamua wamo ukumbini humu, nami naomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, yaingizwe katika maazimio ya semina yetu leo.