Kila Kijana na Zamu Yake

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na viongozi wa skauti, Pito, Sumbawanga



 

Nimeombwa nizungumzie ugawaji wa majukumu katika mikutano ya kila wiki ya skauti. Naomba nianze na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kundi la skauti katika usharika mmoja. Sare zilishonwa, mahema mawili yakanunuliwa, na ripoti zilipendeza. Mwalimu aliyeliongoza alijitoa kweli kweli: yeye ndiye aliyefungua mkutano, aliyetunza daftari, aliyeshika ufunguo wa stoo na aliyefundisha mafundo ya kamba. Alisaidiwa na binti mmoja wa darasa la saba. Mwalimu alipohamishwa, na binti yule akamaliza shule, kundi halikufika mwisho wa msimu wa mvua. Nilipowauliza watoto kwa nini hawakutani tena, mmoja alinijibu, "Hatujui ufunguo uko wapi."

Wapendwa, jibu lile lilinifundisha kuliko semina nyingi. Kosa halikuwa la mwalimu. Lilikuwa letu sisi ofisini, maana fomu yetu ya ripoti iliuliza watoto wangapi wamehudhuria. Haikuuliza nani amefanya nini.

Jambo hili si geni. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro alimwona mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Alimshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Skauti nao walianza hivyo. Agosti 1907, katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Baden-Powell aliwakusanya wavulana wapatao 20 akawagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake kijana. Hata KKKT ilizaliwa mwaka 1963, pale makanisa saba yalipokubali kuwa kanisa moja na kubeba mzigo pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tufanyeje basi? Tuseme kundi lina watoto 24. Ligawanyeni katika vikosi vinne vya watoto sita, kila kimoja na kiongozi na msaidizi wake. Kazi za mkutano nazo ziwe nne:

1. Ufunguzi, bendera, sala na daftari la mahudhurio.
2. Vifaa, ufunguo wa stoo na sanduku la huduma ya kwanza.
3. Maji, usafi na uji.
4. Michezo na fundisho la siku.

Kila wiki vikosi vibadilishane. Baada ya wiki nne kila mtoto amepita katika kazi zote. Zamu ziandikwe kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani, wazazi nao wazione. Mkutano ukiisha, viongozi wa vikosi wakae dakika 15 na mlezi wao: nini kimekwenda vizuri, nini kimekwama, nani anafuata. Msaidizi ni wa lazima, kwa sababu wakati wa palizi na mavuno watoto wengi huwa mashambani na wazazi wao.

Naomba tuwe waangalifu katika mambo matatu. Kwanza, jinsia. Nimeona makundi ambayo wasichana wana zamu ya kufagia na kuchota maji kila wiki, wavulana wana zamu ya bendera na daftari. Hiyo si zamu, ni mazoea ya nyumbani yaliyovalishwa sare. Pili, usalama. Mtoto asitumwe mbali peke yake, na walezi watu wazima wasipungue wawili. Tatu, fedha. Michango itunzwe na vijana wawili pamoja na mlezi mmoja, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Najua mtasema kwamba watoto watakosea. Ni kweli. Bendera itapandishwa kichwa chini, na uji utaungua. Tusiwanyang'anye kazi kwa sababu hiyo. Wazee wetu wa Ufipa hufukia majani ndani ya matuta ya intumba yaoze, rutuba yake ionekane katika mazao ya baadaye. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayesita leo kusoma majina ya wenzake. Kesho ndiye katibu wa kamati ya maji, au mhasibu wa usharika.

Kwa hiyo ninaleta ombi moja. Kamati zisilete maombi ya sare wala mahema kabla kundi halijakutana miezi mitatu kwa zamu zilizoandikwa. Na ninyi wafadhili wetu, mkitutembelea, msituulize tu idadi ya vijana. Mwiteni mtoto yeyote, mumwulize, "Wiki hii zamu yako ni ipi?" Akijibu bila kumtazama mwalimu wake, mjue sadaka yenu imefika.