Maiki Mbili kwa Kwaya Nzima

Neno la Katibu wa Kwaya



Katika yubilei hii ya miaka 25 tunataka kuwaeleza tulivyotumia fedha mlizotuchangia ili turekodi nyimbo zetu.

Mwaka jana tulimzika mmoja wa waimbaji wetu wa kwanza wa besi. Familia yake ilipotuomba sauti yake, tulikuwa na kipande kimoja tu cha simu, na mvua iliyopiga mabati ilisikika kuliko sisi. Tuliona haya. Tukaamua kurekodi kabla ya kumpoteza mwingine.

Hatukuanza vizuri. Tulinunua maiki nne za dainamiki, zile za mkononi ambazo viongozi wa nyimbo hushika Jumapili. Si mbovu, ila zimeundwa kukaa karibu na mdomo. Tuliporekodi, wanne waliosimama mbele walisikika. Wengine wote wakawa kama wanaimbia barabarani. Kuongeza nyingine nne kungetuongezea gharama na waya tu.

Kwa fedha zilizobaki tumechagua maiki mbili ndogo za kondensa, za aina moja. Hizi hunasa sauti hata kwa mbali. Lakini zinahitaji umeme wa volti 48 unaopitia kwenye waya wa maiki, kwa hiyo tulihakikisha kwanza kwamba mashine yetu ya kurekodia inautoa. Asiyeuliza hilo dukani atarudi nyumbani na maiki bubu.

Wapo waliotuuliza kama mbili zinatosha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, kwa jirani zetu ng'ambo ya Sotik, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Hakumpa kila mwimbaji maiki yake, na wimbo huo unasikilizwa hadi leo. Kazi kubwa ni kujua maiki iwekwe wapi na watu wasimame wapi.

Sisi tutasimama nusu duara. Maiki zitakuwa mita mbili au tatu mbele yetu, juu kidogo ya vichwa. Soprano wakizidi, hatutagusa kitufe. Watarudi nyuma hatua moja. Obokano yenye nyuzi nane itakaa mbele, ngoma nyuma kabisa ili isiimeze. Tutatandika mikeka sakafuni kupunguza mwangwi. Na tutaimba asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijafika kwenye mabati. Kabla ya kuanza tutaimba sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote na kupima, maana sauti ikishakwaruza haitengenezeki tena.

Bado hatuna stendi mbili ndefu. Mwenye nazo atuazime. Fundi wa mbao au wa vyuma akijitolea kututengenezea, tutashukuru vilevile.

Ombi letu la mwisho ni kwa wazee mlioanzisha kwaya hii. Mnasema sauti zimechoka. Tafadhali njooni, hata kama mtaimba mkiwa mmeketi. Tutawawekea viti safu ya mbele, kila mmoja kwenye sauti yake. Wajukuu wenu wakituuliza siku moja mliimbaje, tusione haya tena.