Kujuana Kwanza, Biashara Baadaye



Twaomba kusema machache juu ya biashara yetu ya unga wa uji. Tulipoanza tulikuwa na fedha na mashine ya kusagia, lakini watu tulikuwa hatuna. Mahindi ya kwanza tuliyanunua kwa dalali tusiyemjua. Tulipofungua magunia tukakuta unyevu na ukungu. Magunia sita yakateketezwa, na fedha zenu pamoja nayo.

Wapo waliotushauri tupepete, tusage, tuuze. Tulikataa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu 125. Sumu hiyo haionekani katika unga. Mlaji humwamini msagaji, na msagaji humwamini mkulima.

Ndipo tukatafuta watu. Wakulima wanne wamekubali tufike wakati wa kuanika, tupime unyevu usizidi asilimia 13.5. Afisa wa afya alitufundisha kupanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Wenye maduka wawili hutuambia waziwazi unga ukiwa na kasoro.

Wazee wetu, ninyi mwajulikana vijijini kuliko sisi. Twawaombeni mtupeleke kwa wakulima waaminifu kabla ya mavuno. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chema chahitaji mtu wa kukishuhudia.