Ugonjwa Usio na Kamati



Asubuhi moja nilikuwa ndani ya daladala iliyotoka Mbagala kwenda Kariakoo. Tulipofika kituo kimoja cha njiani, dada mmoja wa umri wa miaka thelathini hivi alianza kushuka. Alishika bomba, akateremsha mguu wa kwanza, akatulia, kisha akateremsha wa pili. Konda akapiga bodi. "Dada, changamka, twende!" Mzee mmoja aliyekaa mbele akasema kwa sauti ya kusikika, "Vijana wa siku hizi wanajidekeza. Mzima kabisa huyo."

Dada yule akageuka. "Shikamoo mzee," alisema. "Ningekuwa nimefungwa bandeji ungeniamini. Mimi nina baridi yabisi."

Mzee akaitikia marahaba, akanyamaza. Lakini nyuma yangu akainuka mama mmoja mwenye kapu. "Ngoja mwanangu, tushuke wote," alisema. "Hata mimi ninayo, mwaka wa saba huu." Kituo chake hakikuwa pale, maana nilimsikia akimwambia konda kwamba anakwenda Kariakoo. Walishuka, nami nikawaona dirishani wamesimama kando ya barabara wakionyeshana vidole.

Leo nataka tuzungumze juu ya vidole vile.

Baridi yabisi ni jina ambalo watu wetu hulitumia kwa maradhi mengi ya viungo. Yako yatokanayo na kusagika kwa gegedu, hasa magotini na nyongani, ambayo aghalabu huwapata watu wazima. Iko jongo, ambayo hupenda kushika ghafla kidole gumba cha mguu usiku wa manane. Na iko ile ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Hii huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi kuliko wanaume, wala haingoji uzee. Hata watoto wadogo wako wenye maradhi ya namna hii.

Mgonjwa wa aina hii ya mwisho huamka viungo vimekaza, na huenda ikapita saa nzima au zaidi kabla havijalegea. Kufunga kifungo cha blauzi ni kazi. Kukuna nazi, kusonga ugali, kukamua nguo, kuchuchumaa chooni, kusujudu msikitini au kupiga magoti kanisani, yote ni kazi. Ikifika saa sita mchana anaweza kuwa anatembea vizuri tu. Jirani aliyemwona saa hiyo hawezi kusadiki kwamba alfajiri mtu yule yule alishindwa kushika kikombe.

Hapo ndipo yanapozaliwa maumivu ya pili, nayo ni ya kutoaminiwa. Mume anasema mke wangu mvivu. Mkuu wa kazi anasema huyu mtegaji. Jirani anasema amerogwa. Mwingine anasema ni kwa sababu alipiga pasi kisha akashika maji ya baridi. Hatimaye mgonjwa hujifunza kunyamaza, akajifungia ndani na maradhi yake.

Sasa nauliza. Sisi ni watu hodari wa kusaidiana. Ikitokea harusi, kamati inaundwa, ina mwenyekiti na mweka hazina, na kadi za michango zinatembea mtaa mzima. Ukitokea msiba, turubai linasimama kabla jua halijachwa, na masufuria ya kuazima yanafika bila kuitwa. Mtu akilazwa, chupa za chai na uji zinapishana wodini. Lakini harusi huisha. Matanga huanuliwa. Aliyelazwa huruhusiwa kurudi nyumbani. Baridi yabisi haina siku ya kuanua matanga. Leo ipo, kesho ipo, na mwakani huenda ikawapo. Kwa ugonjwa kama huo hatuna kamati. Si kwamba tumekosa huruma, la hasha. Huruma yetu imezoea mwendo mfupi.

Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, muuguzi mmoja aitwaye Kate Lorig alianzisha mafunzo ya wagonjwa wa viungo mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikutana mara moja kwa juma, saa mbili kila mara, kwa majuma sita. Walioongoza hawakuwa madaktari. Aghalabu walikuwa watu wa kawaida, wengi wao wagonjwa wenyewe. Mwaka 1993 yeye na wenzake walitoa matokeo ya miaka minne. Maumivu yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20, na safari za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40. Walipochunguza sababu, waliona kwamba nafuu ile ilikwenda zaidi na imani ya mgonjwa kuwa anaweza kuyamudu maradhi yake kuliko na idadi ya mazoezi aliyofanya. Imani ya namna hiyo mtu huipata upesi akimwona mwenzake mwenye vidole kama vyake anamudu.

Na asiseme mtu kwamba mwenye maradhi haya hafai kitu. Christiaan Barnard, daktari wa Afrika Kusini aliyekuwa wa kwanza duniani kumpandikiza binadamu moyo wa binadamu mwingine, mwezi Desemba 1967, alifanya kazi ile huku tayari ana baridi yabisi. Aliendelea na upasuaji kwa miaka mingi, hadi mikono ilipomlazimisha kustaafu mwaka 1983.

Basi tuanzie wapi? Mimi nasema tuanzie kwenye benchi la kliniki. Wagonjwa wale wale hukutana pale kila mara, wakakaa asubuhi nzima wakiutazama mlango wa daktari, kisha kila mmoja akaondoka na karatasi yake. Benchi lile ni chama tayari, kinangoja mtu mmoja aseme hujambo. Wakipatikana wanne au watano, wakutane mara moja kwa mwezi nyumbani kwa yule asiye na ngazi. Akina mama wanajua upatu. Upatu wa nauli na dawa hauna tofauti kubwa na upatu wa vyombo.

Pale watafundishana mambo madogo yenye manufaa makubwa: kuzungushia kitambaa mpini wa mwiko ili unenepe, kufua kidogo kidogo badala ya kulimbikiza, namna ya kumwomba mtoto wa jirani akune nazi bila kuona haya. Watakumbushana kwamba methotreksati, dawa wanayopewa wengi wao, humezwa mara moja kwa juma, na kwamba kuimeza kila siku ni hatari. Na atakayekuja na vidole vilivyovimba kwa majuma kadhaa, ambaye hajaonana na daktari, wamsindikize hospitali kwanza, kwa kuwa tiba ya mapema huokoa viungo visipinde.

Sharti langu ni moja. Chama kisigeuke soko. Atakayeleta unga usio na jina akidai unaponya siku tatu, aambiwe aufunge arudi nao.

Nasi tulio wazima tunayo sehemu yetu. Tuache kumwuliza mgonjwa, "Kumbe bado unaumwa?" Tumwulize, "Leo viungo vimeamkaje?" Akisema vibaya, tumsadiki, tumpokee ndoo. Akisema vizuri, tumsadiki pia, tusimwambie kwamba basi jana alikuwa akijisingizia.

Mama yule mwenye kapu alilipa nauli ya kufika Kariakoo, akashuka njiani kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hajawa daktari, wala hakuwa na dawa ndani ya kapu lake. Alikuwa na vidole vyake tu, akavionyesha.