Kompyuta Mpya Nyumbani: Namna ya Kuiunganisha na Makundi ya Majadiliano, na Nani Atakayefaidika

Maelezo ya mada iliyotolewa Magindu, Wilaya ya Kibaha, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili



Tumeombwa tueleze jambo ambalo kwa jina lake linaonekana kuwa la wataalamu peke yao: kompyuta mpya ikishawekwa katika nyumba mtakayoichagua, itaunganishwaje na makundi ya majadiliano ya dunia? Tutalieleza hatua kwa hatua. Lakini tungependa tuseme mapema kile tunachotaka kila mjumbe aondoke nacho. Kazi ya kuunganisha kompyuta haiishi siku kioo chake kinapowaka. Inaisha siku jibu lililosomwa kwenye kioo hicho linapomfikia mama ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta, naye akalifanyia kazi.

Makundi haya ni kitu gani?

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuziwezesha kompyuta kupeana habari kwa njia ya simu. Mwaka uliofuata, 1980, njia hiyo ilianza kutumika, nayo ikaitwa Usenet. Haina makao makuu wala mwenyewe mmoja. Ziko kompyuta kubwa, yaani seva, mahali pengi duniani. Kila seva inatunza nakala ya ujumbe, kisha inampitishia jirani yake, naye jirani anampitishia wa mbele.

Watu wa Magindu hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Hapa ni kituo cha Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa barua ulipanda treni, ukashushwa stesheni moja baada ya nyingine, na kila stesheni ikachukua ulio wake. Ndivyo ujumbe wa Usenet unavyosafiri, ila hapa kila stesheni inabaki na nakala ya kila barua.

Kundi moja ni sawa na ubao mmoja wa matangazo wenye mada yake. Jina lake huandikwa kwa vipande vinavyotenganishwa na nukta, kuanzia somo kubwa kwenda dogo. Kwa mfano, sci.agriculture.beekeeping ni kundi la ufugaji wa nyuki, na misc.rural ni la maisha ya vijijini. Mtu anauliza swali, na majibu yananing'inia chini ya swali lile lile, kila jibu likiwa na tarehe yake.

Mtatuuliza: si tuna makundi ya WhatsApp tayari? Ni kweli, na yanafanya kazi nzuri ya kuitana kwenye mkutano au msiba. Lakini swali lililoulizwa Jumatatu, ikifika Ijumaa limefunikwa na "pole" na "hongera" mia moja. Simu ikipotea, mara nyingi na kumbukumbu inapotea nayo. Kamati ikibadilika, wajumbe wapya wanaanza sifuri. Kundi la majadiliano linampa mgeni nafasi ya kusoma yaliyosemwa kabla hajafika, hata kama hamjui mtu yeyote humo.

Pamoja na hayo, tusiwauzie mbuzi kwenye gunia. Makundi haya si kama yalivyokuwa zamani. Tarehe 22 Februari 2024 huduma ya Google Groups iliacha kupokea na kuonyesha ujumbe mpya wa Usenet, ingawa ya zamani yaliachwa yasomeke. Makundi mengi yamenyamaza, na mengine yamejaa matangazo ya ulaghai. Kwa hiyo ushauri wetu ni kuchagua makundi mawili au matatu yenye watu wanaojibu, na kuyaacha mengine.

Si lazima kukaa mtandaoni siku nzima

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mjini, penye umeme na intaneti ya uhakika. Historia haikubaliani nao. Miaka ya 1990, kabla intaneti haijaenea, madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, walipata barua na makala za kitabibu kupitia mtandao wa HealthNet. Ulianzishwa na shirika la SatelLife, ambalo mmoja wa waasisi wake ni Dk. Bernard Lown, bingwa wa magonjwa ya moyo wa Marekani. Walitumia setilaiti ndogo, na mojawapo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Setilaiti ilipita angani kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo kituo cha chini kilikabidhi barua zake na kupokea zilizokuja, kisha setilaiti ikaenda zake. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, miaka mingi baadaye.

Fundisho ni hili: habari za maandishi ni nyepesi na zinaweza kusubiri. Kompyuta ya Magindu ikiunganishwa nusu saa kwa wiki, ikapokea yaliyokuja na kutuma yaliyoandikwa, inatosha kabisa. Kusoma na kuandika kutafanyika baadaye bila kutumia hata shilingi moja ya bando.

Hatua za kufuata

Kwanza, mahali na umeme. Kompyuta ya mezani iwekwe mbali na dirisha linaloingiza vumbi na mvua, na iwe na UPS ili umeme ukikatika ipatikane nafasi ya kuizima vizuri. Kila anayeitumia awe na nywila yake.

Pili, intaneti. Modemu yenye laini ya simu, au simu yenyewe iliyounganishwa na kompyuta, inatosha. Zimeni kwanza mambo yanayojipakua yenyewe, maana hayo ndiyo yanayomaliza bando kabla hamjasoma neno.

Tatu, programu. Tunapendekeza Thunderbird, ambayo ni ya bure na inasoma barua pepe na makundi ya majadiliano mahali pamoja. Ipakuliwe kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, si kwa mtu wa kati. Menyu mtaisoma kwa Kiingereza. Chukueni daftari, andikeni kila neno la menyu na maana yake kwa Kiswahili, na daftari likae pembeni ya kompyuta. Kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili tulishaonyeshwa mwaka 2004, pale mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice.

Nne, seva. Iko seva ya maandishi matupu iitwayo Eternal September, ambayo kujiandikisha kwake ni bure. Mkishajiandikisha mnapewa jina la mtumiaji na nywila. Ndani ya Thunderbird mnafungua akaunti mpya ya makundi ya majadiliano, mnaandika anwani ya seva, ambayo ni news.eternal-september.org, na mnachagua mlango namba 563 wenye usimbaji, ili nywila isisomwe njiani. Mlango wa zamani, namba 119, hauna ulinzi huo usipowekewa.

Tano, jina na barua pepe. Mtakachoandika hapa kitaonekana na kila msomaji duniani. Fungueni anwani ya kamati kwa kazi hii. Msiweke anwani ya mtu binafsi wala namba ya simu.

Sita, kuchagua makundi. Programu italeta orodha ndefu mno. Msiisome yote. Andikeni neno moja kwenye nafasi ya kutafutia, kwa mfano agriculture, halafu mtie alama kwenye makundi mnayoyataka.

Saba, kupakua kwa kiasi. Mkifungua kundi lenye ujumbe mwingi, programu itauliza iteremshe vichwa vingapi, na kwa kawaida inapendekeza 500. Ishirini au hamsini vinatosha kwa kuanzia. Chagueni pia kuhifadhi ujumbe kwenye kompyuta, ili usomeke wakati intaneti imezimwa.

Nane, jaribio. Ujumbe wa kwanza upelekwe misc.test, kundi lililowekwa kwa majaribio. Msiwasumbue watu wa nyuki kwa "je, mnanisikia?"

Kuuliza na kupima jibu

Tuseme mama mmoja wa jumuiya ana mizinga mitano, na nyuki wa mizinga mitatu wamehama. Swali zuri halisemi tu "nyuki wangu wamekimbia, nifanyeje?" Linasema ni mizinga ya aina gani, imetundikwa wapi, maji yako umbali gani, masega yalikutwaje, siafu walionekana au la, na ilikuwa mwezi gani. Swali likiwa na mambo hayo, hata mtu wa mbali ana pa kushika.

Lakini wengi watakaojibu wanaishi Ulaya na Marekani. Watazungumzia kuwaandaa nyuki kwa miezi ya theluji. Nyuki wa Pwani hawajui theluji, ila wanajua kuhama haraka wakikosa chakula au wakisumbuliwa. Jibu la kwenye kioo ni ushauri tu, na aliyelitoa anaweza hata kuwa ametumia jina lisilo lake. Kwa hiyo jibu lipelekwe kwa afisa nyuki au afisa ugani, na kwa wazee wanaofuga nyuki msituni tangu zamani, kabla mama huyu hajatumia fedha yake. Kwa dawa za mifugo na za binadamu sharti hili ni la lazima: hakuna atakayenunua dawa kwa sababu imesifiwa mtandaoni.

Yasiyowekwa hadharani

Ujumbe ukishapokelewa na seva nyingi, hakuna anayeweza kuukusanya wote urudi. Kwa sababu hiyo kamati iandike kanuni, izisaini, na izibandike ukutani. Jina la mgonjwa lisiandikwe. Jina la mtoto anayelipiwa ada lisiandikwe. Habari za familia iliyopokea msaada wa chakula zisiandikwe, hata kwa nia ya kuwashukuru wafadhili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inazitaka taasisi zitunze taarifa za watu kwa uangalifu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia uenezaji wa habari za uongo. Hata zisingekuwapo sheria hizo, maskini ana haki ya kusitiriwa.

Aidha, hapa kwetu wakulima na wafugaji wanaishi pamoja na wanatumia maji yale yale. Habari ya ng'ombe kuingia shambani isiandikwe popote kabla serikali ya kijiji na pande zote mbili hazijasikilizwa. Moto wa maneno unawaka upesi kuliko moto wa nyasi.

Kutoka kwenye kioo hadi kwenye ubao

Tunapendekeza kamati iteue watu watatu, wakiwamo mwanamke na kijana. Maswali yakusanywe kwenye jumuiya ndogo ndogo wakati wa wiki, yaandikwe katika daftari. Jumamosi kompyuta iunganishwe, maswali yatumwe na majibu yapokelewe. Majibu yaliyopimwa yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kubandikwa ubaoni kanisani. Kwa wasiosoma, yasomwe kwa sauti jumuiyani. Na kwa kuwa nyuki hawaulizi dini ya mfugaji, nakala moja ipelekwe ofisi ya kijiji ili majirani zetu Waislamu nao wafaidike.

Mwisho wa kila robo mwaka, taarifa ya kamati isihesabu saa ambazo kompyuta iliwashwa. Ihesabu maswali yaliyoulizwa, yaliyojibiwa, na yale ambayo jibu lake lilijaribiwa shambani likafaa au lisifae.

Neno kwa wafadhili

Wageni wetu, mmezoea kuombwa mashine, nasi tunawashukuru kwa kila mashine. Leo tunaomba mfikirie yanayokuja baada ya mashine: bando la mwaka mzima, betri ya UPS inapochakaa, na nauli ya fundi. Bila hayo, kompyuta nzuri itafunikwa kitambaa na kuwekewa maua.

Wilaya hii ina mfano wake yenyewe. Mwaka 1963 ulianza hapa Kibaha mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika, wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na mahali pa kufundishia wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Tanzania, na leo tunaujua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Umedumu kwa sababu Watanzania waliandaliwa kuushika. Tunaomba moyo ule ule kwa jambo letu hili dogo: wale watatu wa Magindu wafundishwe mpaka waweze kufundisha wengine, wa Kisarawe nao wakitaka.

Ndugu wajumbe, hatua nane tulizozitaja zinaweza kukamilika katika siku moja. Kuteua watu watatu waaminifu, kuwalinda wanyonge wasianikwe, na kuhakikisha karatasi ya ubaoni inabandikwa kila wiki, hayo yanahitaji kamati iliyo hai. Kwa hiyo tunaomba kikao hiki, kabla hakijafungwa, kiteue majina hayo matatu na kiyaandike katika muhtasari.